Mgonjwa Asiyeruhusiwa Kupona

Sindano alikuwa analia vizuri. Nasema hivyo kama mtu wa fani, maana nimeshika kipaza sauti kwenye harusi na misiba miaka mingi na nimeona vilio vya kila aina. Wapo wanaolia kwa sauti bila chozi hata moja. Wapo wanaolia kwa jicho moja, jingine linatafuta sufuria la wali liko wapi. Sindano alianza kwa kunyamaza. Kidevu kilitikisika kidogo, akameza mate, akatazama pembeni, na chozi likashuka lenyewe bila kuitwa. Mwanafunzi aliyekaa mbele yake alisahau kalamu mkononi.

Kazi yetu ilikuwa ugonjwa. Chuo kimoja kinachofundisha wauguzi, maofisa ustawi wa jamii na washauri nasaha kilituajiri wachache tuwe wagonjwa wa mfano. Mwanafunzi anaingia chumbani, anakukuta umekaa, anakuuliza habari zako, nawe unamweleza shida uliyopangiwa. Mkufunzi anawatazama kutoka nyuma ya kioo ambacho yeye anawaona ninyi hamumwoni. Ukimaliza unafuta macho, unakunywa maji, anaingia mwanafunzi mwingine, na unaanza kuumwa upya.

Mwaka huo lilikuja somo jipya. Watu wengi walikuwa wanafika hospitali na vituo vya afya wakiwa hawana malaria wala presha, ila mafuriko yamewachukulia nyumba, ukame umewamalizia mifugo, joto limewanyima usingizi, na wakiona wingu mapigo ya moyo yanakwenda mbio. Wauguzi walikuwa wanawapa panadoli na kuwarudisha nyumbani. Kwa hiyo chuo kikaamua kufundisha namna ya kukaa na mtu wa aina hiyo. Jina la somo lilikuwa refu mno, fundi wa kibao alipofika "Mabadiliko ya Tabia" nafasi ikaisha, na "nchi" ikabaki kwenye ndoo yake ya rangi. Wapita njia wakadhani tunafundishwa adabu. Mimi nilipangiwa kuwa mfugaji aliyefiwa na ng'ombe wote. Sijawahi kumiliki hata kuku, lakini nililia, nikawataja ng'ombe kwa rangi zao mmoja mmoja, na mkufunzi akanisifu.

Sindano hakuja pale kuomba kazi ya kulia. Alikuwa fundi cherehani, mwembamba, mdomo mkali, na jina lake la utani lilitokana na hayo yote matatu. Alikuja kutundika mapazia ya vyumba vya ushauri. Siku hiyo mama aliyeajiriwa kuwa mgonjwa wa mafuriko hakutokea, wanafunzi wamekaa, mkufunzi anazunguka na simu sikioni. Sindano akiwa juu ya stuli na ndoana za pazia mdomoni, akazitoa akasema, "Kama ni mtu wa kueleza habari ya mvua, mimi naeleza. Ila yangu ni ya kweli, sijui kama mnaitaka."

Walimshusha wakamkalisha. Akaeleza. Alipomaliza hakuna aliyejua pa kutazama. Baada ya wiki chache maneno yake yalirudi yamechapwa vizuri, yamepunguzwa hapa, yamenyooshwa pale, na mkufunzi akamkabidhi: "Huyu ndiye mgonjwa wako. Mshike hivyo hivyo." Kuanzia hapo mwanamke yule akawa anakariri maisha yake mwenyewe.

Alichokieleza kilikuwa hiki. Nyumba yao ilikuwa ukingoni mwa korongo. Zamani, alipoolewa, lilikuwa mtaro tu ambao watoto waliuruka kwa mbwembwe. Halafu mvua zikabadilika. Zinakaa muda mrefu haziji, ardhi inakauka mpaka inapasuka, na siku zikija zinakuja zote kwa mkupuo kama mtu aliyekuwa anadaiwa. Korongo likaanza kula. Likala choo cha jirani, likala uzio, likala njia ya kwenda bombani. Ilifika mahali chumba cha nyuma ukimwaga maji ya kufulia dirishani, yanaanguka moja kwa moja korongoni. Ukutani kulikuwa na ufa ambao ungeweza kuingiza vidole. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hawakusema unajenga juu ya nini kama chini hakuna kitu.

Katika chumba hicho alilala mama mkwe wake.

Bibi yule hakuwa mtu wa kuhamishwa. "Chumba hiki niliingia bibi harusi," alisema, "na humu ndimo marehemu alinishika mkono mara ya mwisho. Nitatoka nimebebwa." Mwanawe, mume wa Sindano, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtaani wanamwita Cheche. Cheche alimpenda mama yake, na mapenzi yake aliyaonyesha kwa vyuma. Alishindilia matairi ya zamani na viroba vya mchanga kwenye kingo, akaufunga ukuta kwa nondo alizozichomelea msalaba msalaba. Kila ulipotajwa ufa aliupigapiga ukuta kwa kiganja. "Huu hauendi kokote. Nimeufunga mimi."

Kuhama kabisa hawakuwa na pa kuhamia. Walichoweza ni kumtoa bibi chumba kile wabanane naye mbele, pamoja na watoto na cherehani. Hilo tu ndilo Sindano alilotaka duniani. Mama atoke kule kabla ukuta haujatoka.

Sasa tazama walivyomfanyia. Kwenye yale maelezo yaliyonyooshwa, mama mkwe hakuwepo. Walimtoa. Mkufunzi alisema watu wakizidi kwenye kisa, mwanafunzi anapotea, anaanza kusuluhisha ugomvi wa mkwe na mkwe badala ya kuishughulikia hofu. Kwa hiyo chumba cha nyuma kikawa stoo. Mgonjwa anaishi na mumewe na watoto, anaogopa mvua, hapati usingizi, analala amevaa viatu. Ukimuuliza nani analala chumba cha nyuma, jibu ni hakuna mtu.

Na jambo la pili, ambalo mimi liliniuma zaidi. Mwishoni mwa maelezo yale waliandika: mgonjwa hapati nafuu katika kikao hiki. Mkufunzi hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alikuwa mama mpole, anakumbuka siku za kuzaliwa za wafagizi. Lakini alitaka haki kwa wanafunzi wake. Kila mmoja lazima amkute mgonjwa yule yule, mwenye hofu ile ile, la sivyo wa mwisho atakuta kazi imeshafanywa na wa kwanza. Siku moja kijana mmoja mwanafunzi alikaa na Sindano kimya, hakumwambia asiogope, akamwambia, "Hata mimi ningeogopa." Mabega ya Sindano yakashuka. Akavuta pumzi ya mtu aliyetua mzigo. Mkufunzi akaingia kwa adabu zote. "Mama, umemrahisishia kidogo. Turudie."

Sindano akayapandisha mabega yake tena.

"Wewe unaonaje?" aliniuliza siku hiyo tukinywa chai kwenye ngazi za nyuma. "Nikijisikia vizuri, nimeharibu kazi."

"Na ukijisikia vibaya?"

"Nasifiwa." Akacheka, lakini si kicheko cha kukufanya na wewe ucheke.

Huko nyumbani nako habari zilikuwa zimefika. Mwanzoni Cheche alijivunia. Alitamba kwenye karakana, "Wake zenu wanalia bure, wangu analipwa!" Mtaa mzima ukaipokea. Akienda dukani: "Fundi, leo umelia shilingi ngapi?" Watoto wakitaka kumchokoza walimwambia, "Mama, tulilie kidogo tuone." Naye alicheka nao, maana utani ni utani. Hakujua kwamba anafungiwa mlango.

Alilijua hilo siku wingu la kweli lilipotanda. Alimwambia mumewe, mama ahamie huku mbele leo, japo leo tu. Aliposema hivyo machozi yakamtoka. Cheche akaweka kijiko chini. "Mama watoto, hayo ya kazini yaache kazini."

"Siigizi, baba watoto."

"Kwani huko huwa unawaambia unaigiza?"

Na bibi kutoka chumbani kwake, maana alikuwa na masikio ya paka: "Mwanangu, wewe machozi yako yana mshahara. Sisi wengine tukilia tunapoteza maji tu."

Wote wakacheka. Sindano aliniambia na yeye alicheka, angefanya nini. Kuanzia hapo kila alipolitaja korongo, aliambiwa anafanya mazoezi. Kazini akisema kweli anasifiwa ameigiza, nyumbani akisema kweli anachekwa ameigiza. Kilio cha samaki, machozi huenda na maji. Mimi nilikuwa nimeusikia msemo huo tangu utoto, ila samaki mwenyewe nilikuwa sijamwona.

Nilikwenda kwa mkufunzi. Nilimwambia wazi, huyu mama haigizi, nyumba ni yake, korongo ni lake, na stoo si stoo. Akanisikiliza huku ameinamisha kichwa upande, kama wanavyofundishana. "Najua ana uzoefu wa karibu," akasema. "Ndiyo maana yuko vizuri." Halafu uso wake ukabadilika, nadhani aliyasikia maneno yake mwenyewe, akasema Sindano anaruhusiwa kuonana na mshauri wa chuo, bure, wakati wowote.

Akaenda. Mshauri wa zamu alikuwa mmoja wa wanafunzi wa mwaka wa mwisho, aliyekwisha kumshauri kama mgonjwa wa mfano. Alipomwona mlangoni akasimama kwa furaha. "Karibu mama! Leo tunafanya kisa kipi?" Sindano akamwambia amekosea mlango. Alipokuja kunieleza nilitaka kurudi mle ndani nikageuze meza, akanishika shati. "Acha, kaka. Mtoto wa watu hana kosa. Angejuaje?"

Hapo ndipo anapoingia Nesi. Alikuwa mwanafunzi mtu mzima, muuguzi wa wodi ya wazazi, anayekuja darasani moja kwa moja kutoka zamu ya usiku na miguu imevimba ndani ya makubazi. Kwenye somo hakuwa nyota. Wenzake walikuwa na maneno mazuri: "Nakusikia," "Hisia zako ni halali," "Tukae hapo kidogo." Yeye aliyasahau. Alikuwa na tabia ya watu wa wodini, anataka kujua kitanda kiko wapi. Kwenye mazoezi alimuuliza Sindano mambo ambayo hayakuandikwa popote. Ufa unaanzia juu au chini? Mlango unafungukia ndani au nje? Kisha akauliza, "Anayelala chumba hicho ni nani?"

"Mama mkwe," Sindano akasema. Lilimtoka.

Mkufunzi akagonga kioo. Akaja, akaeleza kwamba chumba kile ni stoo, mgonjwa amechanganya kidogo, na mwanafunzi naye ajitahidi kukaa kwenye hisia, asiende kwenye ramani ya nyumba. Nesi akaomba radhi. Baadaye nikawaona bombani, Nesi ananawa uso ili asisinzie.

"Dada, ni stoo kweli?" akamuuliza.

"Hapa kazini ni stoo."

Nesi akamtazama, maji yanamchuruzika kidevuni. Hakusema "nakusikia." Alisema, "Sawa," akafunga bomba.

Siku ya mtihani ilianza na jua. Walikuja watahini wageni wawili, wakakaa na mkufunzi nyuma ya kioo. Ng'ombe wangu hawakuwa kwenye ratiba siku hiyo, kwa hiyo nikapewa kazi ya kengele: mwanafunzi anaingia, nagonga, muda ukiisha, nagonga, wanatoka. Kati ya kengele na kengele mgonjwa hatoki kwenye kiti na mwanafunzi hatoki kwenye swali. Ndivyo utaratibu ulivyokuwa.

Mchana mbingu ikabadilika ghafla, kwa namna ambayo siku hizi inabadilika. Chumba kikawa giza, taa ikawashwa, na mvua ikaanguka juu ya mabati kwa kishindo mpaka watu wakapandisha sauti. Mtahini mmoja, mwenye miwani mikubwa, akasugua viganja. "Mvua imetusaidia. Mazingira halisi kabisa haya!"

Nilimwona Sindano kupitia kioo. Alikuwa ameshika ukingo wa kiti kwa mikono miwili. Mwanafunzi aliyekuwa mbele yake, binti nadhifu, akafika kwenye maswali ya usalama, maana walifundishwa kuuliza kama kuna mtu hatarini.

"Chumba hicho cha nyuma, kuna mtu anayekitumia?"

Sindano akatazama juu, kwenye kelele. "Hakuna mtu," akasema. "Ni stoo."

Nikagonga kengele. Akaingia mwingine. Swali lile lile, maana walifundishwa pamoja. "Hakuna mtu." Aliposema mara hiyo aliinama kama anayetafuta kitu sakafuni, na mtahini mwenye miwani akanong'ona kwamba mama huyu ana kipaji.  Mtu alikuwa analazimishwa kumfuta mama mkwe wake kwa mdomo wake mwenyewe, mvua ikinyesha, na bibi yuko kule kitandani. Nilimtazama mkufunzi. Alikuwa ameacha kuandika, lakini hakusimamisha kitu, maana wageni walikuwepo na mtihani ulikuwa wa wanafunzi wote.

Akaingia Nesi. Alikaa kwa uzito. Hakumkaribisha, hakujitambulisha, hakueleza habari ya kutunza siri na makubaliano ya kikao, na kwa hayo pekee alishapoteza alama. Akasogeza kiti mbele, kwa sababu ya kelele.

"Sasa hivi," akasema, "chumba cha nyuma yuko nani?"

 Nyuma ya kioo sote tulingoja kidevu kitikisike. Hakikutikisika. Macho yalikuwa makavu, makubwa, na sauti ilipotoka ilikuwa kavu vilevile.

"Mama mkwe wangu. Peke yake. Mume yuko karakana, watoto wako shule."

Nesi akageuka akakitazama kioo. Alikuwa hatuoni, anajiona mwenyewe tu, na alijua kabisa nyuma yake kuna watu wameshika mustakabali wake. Kisha akasimama. "Una viatu?"

"Ninavyo mguuni."

"Basi twende."

Sindano naye akakitazama kioo. Mwili wake ulikuwa umeshainuka nusu, ukagoma hapo, katikati ya kukaa na kusimama, maana alikuwa amezoea kutotoka mpaka asikie kengele. Nikaigonga. Niliigonga kwa nguvu mpaka ikanitoka mkononi. Mtahini mwenye miwani akaruka, "Bado! Muda bado!" lakini wale wawili walikuwa mlangoni, nami nikawafuata na kitambi changu.

Tulifika kwa Sindano tumelowa chapachapa. Korongo lilikuwa linanguruma, limejaa maji mekundu, linabeba viroba vya Cheche kimoja kimoja. Bibi tulimkuta kitandani, amejifunika kanga miguuni, anachambua mchele kwenye ungo. Ukuta nyuma yake ulikuwa umelowa kuanzia chini.

"Mmekuwaje?" akauliza. Akamwangalia Nesi. "Huyu ndiye bosi wako wa kulia?"

"Shikamoo mama," Nesi akasema. "Mimi ni muuguzi. Tunaomba usogee chumba cha mbele, mvua ipite."

"Marahaba mwanangu. Mvua nimeziona kabla hujazaliwa. Kaa, ukauke."

Nikaona sasa Sindano atalia, na bibi atacheka, na mambo yatakuwa yale yale. Akapiga hatua mbili, akasimama mbele ya kitanda, mikono imening'inia, maji yanamtoka kwenye gauni. Uso wake haukuwa na kitu chochote.

"Mama, inuka."

Bibi akaacha mchele. Akamtazama mkwewe muda mrefu, kuanzia juu mpaka chini, akarudi tena usoni, anatafuta.

"Hulii leo?"

"Sina machozi, mama. Yameisha. Inuka."

Bibi akaweka ungo pembeni. Akashusha mguu mmoja, akashusha wa pili, akaomba mkono, na Sindano akampa. Tukatoa godoro, tukatoa sanduku, tukatoa picha ya marehemu. Tukakaa chumba cha mbele wanne, tumebanana na cherehani, tunausikiliza ukuta.

Haukuanguka.

Mvua ilikatika jioni, jua likatoka limeoga, na chumba kile kikabaki kimesimama na nondo zake. Cheche alirudi na tope mpaka magotini, akakuta godoro la mama yake sebuleni. Akaingia chumba cha nyuma, tukasikia kile kiganja chake kinaupiga ukuta, pa, pa, pa. Akatoka anacheka. "Si niliwaambia? Mmemtoa mama yangu chumbani kwa ajili ya mtihani wenu!" Watoto nao wakacheka. Nami niliyesimama pale nikajikuta nautukana ukuta moyoni kwa kutoanguka. Sikujua kama binadamu anaweza kufika huko, kutamani nyumba ya rafiki yake ibomoke ili rafiki aaminiwe.

Nesi alifelishwa kile kikao. Sababu waliyoandika ni kwamba alitoka nje ya chumba cha ushauri kinyume cha utaratibu. Alipoambiwa arudie mwaka unaofuata alipandisha mabega. "Nitarudia. Nimezoea zamu." Mimi nilionywa kwa kugonga kengele kabla ya muda. Sindano hakurudi chuoni, wala hawakumwita. Alibaki na cherehani, na zile siku zikawa ngumu, maana Cheche hakuwa na kazi nyingi mvua zikiwa nyingi.

Walimkumbuka darasa jipya lilipoanza. Walijaribu wanawake wengine wawili, mmoja alilia kwa kelele mpaka wanafunzi wakaogopa, mwingine alicheka. Mkufunzi akanituma mimi. Aliniambia amefikiri sana kuhusu siku ile, na nikaona kweli amefikiri, kwa sababu maelezo alikuwa ameyaandika upya. Akanipa nipeleke.

Niliwakuta wote nyumbani, hata Cheche, amekaa kizingitini ananoa patasi. Bibi alikuwa bado chumba cha mbele. Godoro lake lilikuwa kati ya cherehani na mlango, ukiingia lazima ulivuke. Cheche alikuwa amemwambia arudi chumbani mara kadhaa, naye alimjibu neno moja tu: "Sirudi." Kila siku Cheche aliupiga ukuta, na kila siku bibi alibaki pale pale.

Nikaeleza nilichotumwa. Kazi ipo, malipo ni yale yale, aanze kesho kutwa. "Na wamebadilisha," nikasema. "Mama mkwe wamemrudisha. Chumba cha nyuma si stoo tena."

 Sindano aliendelea kushona.

Bibi ndiye aliyechangamka. "Mimi wameniweka? Nafanya nini humo?"

"Unalala chumba cha nyuma, mama. Mkweo anakusihi uhame."

"Nami?"

"Unakataa."

Akacheka mpaka akakohoa. "Wamenipata hao! Halafu mwishoni nahama?"

Nikatazama karatasi, japo nilikuwa naijua. "Hapana, mama. Huruhusiwi kuhama. Kila mwanafunzi lazima akukute hujahama."

Kicheko kikamwisha taratibu. Mashine ikasimama. Sindano akaweka mikono juu ya kitambaa, akasema bila kumtazama yeyote, "Nimemtoa mara moja, kaka. Imenigharimu kazi, imemgharimu Nesi mtihani wake. Sasa nilipwe kumrudisha? Asubuhi mpaka jioni, nimrudishe kitandani kule, niwaambie amekataa, aje mwingine niwaambie tena?" Sauti yake ikapasuka. "Na nisipokwenda watoto wanakula nini? Niambie basi. Wewe si unajua kusema?"

Mimi, mtu wa kipaza sauti, niliikunja ile karatasi, nikaikunja tena. Cheche aliinamia patasi yake. Sikumsikia akisema habari ya kazini.

Bibi alimkunjulia mkono, Sindano akatoka kwenye kiti akakaa chini kwenye godoro, karibu naye, kama wanavyokaa watu wanaosukana nywele.

"Nenda, mwanangu," bibi akasema. "Nenda ukanilaze huko, tule. Mimi sitaumia, ni maneno tu. Lakini jioni ukirudi, kabla hujavua viatu, uje hapa nilipo unitoe. Uniambie, mama, inuka, kama siku ile. Usije ukaniacha kule."

"Nitakutoa, mama."

"Kila siku?"

Sindano alikuwa amefunika uso kwa upindo wa kanga ya bibi, na jibu lilitokea humo humo ndani.

"Kila siku, mama."